Uzi wa Nailoni Kwenye Kapoti ya Askari

Hapa kwetu Buyenzi, mtu akiokota kifungo cha zamani cha jeshi, au akikuta shati la askari ndani ya sanduku la marehemu, anatumwa kwa Sikuzani. Sikuzani ni mama wa miaka sabini na kidogo. Anashona magodoro na mapazia nyumbani kwake, na shule hakumaliza. Lakini baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa mshonaji wa askari wakati wa Wabelgiji, na binti alikulia chini ya meza ile, akimtilia uzi kwenye sindano. Ndiyo maana wale wanaotafutia Wazungu vitu vya vita wanapita kwanza kwake. Akisema kitu ni cha kweli, wanakichukua. Akisema si cha kweli, wanaenda zao, na hakuna anayebisha.

Kazi yenyewe ni hivi. Anavuta uzi mmoja, anauchoma na kiberiti. Uzi wa pamba unaungua kama karatasi, unabaki majivu laini ya kupuliza. Uzi wa nailoni unayeyuka, unakuwa tone gumu jeusi. Nguo za askari wa zamani hazikushonwa na nailoni, basi ukiona tone, nguo ni ya juzi. Baba yake alimfundisha kuvuta sehemu tatu: kola, mfuko na mkono. Sehemu moja haitoshi, kwa sababu nguo ya maskini inashonwa na kushonwa tena.

Mwaka jana, baada ya Ramadhani, jirani yake Khadidja alimletea kapoti aliyoachiwa na marehemu baba yake, yaani lile koti refu zito la askari. Mzee alikwenda nayo vita ya Abisinia, akarudi nayo salama. Kwa sababu alirudi, vijana wa avenue yetu walizoea kuivaa siku ya ndoa, kutoka nyumbani mpaka msikitini. Jua la Bujumbura linawaka, bwana harusi anatoka jasho kama mbeba mizigo, watu wanacheka, lakini hakuna mama aliyekubali mtoto wake aende bila ile kapoti. Siku hizi wanataka suti, na kapoti ilikuwa imetundikwa tu ukutani kwa Khadidja.

Khadidja alitaka kwenda Maka kabla magoti hayajamkatalia. Valéry, mmoja wa hao watafutaji, mtu wa Kigobe, alikuwa na mnunuzi huko Ulaya, na safari nzima ingetoka kwenye kapoti hiyo. Shida ni maneno ya watu. Wengine walisema mzee aliinunua dukani kwa Mgiriki, hata Abisinia hakufika. Valéry akasema hachukui kitu bila neno la Sikuzani.

Walikuja asubuhi, wote wawili. Nami nilikuwa pale, nimepeleka mto wa kushonwa.

"Da Sikuzani, utazame vizuri, eh," Khadidja alisema. "Ukikataa, mi nitazunguka soko ya Ruvumera mara saba, nirudi nyumbani."

Tulicheka, astaghfirullah. Sikuzani hakucheka. Kijana wake Ilias alitoka kununua mafuta ya kupika wakati wa vurugu, hakurudi, na hiyo ni miaka thelathini sasa. Tangu siku hiyo hacheki wala halii. Ukimpa chakula anakula, saa ya sala ikifika anaswali, ukimuuliza anajibu. Hana hasira na mtu. Ni kama mkono uliolaliwa, hausikii ukiguswa.

Alipokea kapoti, akaiweka magotini. Akavuta uzi kwenye mkono wa kulia, akauchoma. Tone jeusi. Papo hapo akaikunja, akampa Valéry.

"Si ya vita."

"Mama, umeangalia vizuri?"

"Uzi ni nailoni. Si ya vita."

Valéry alimgeukia Khadidja. "Voilà. Ni ya duka la Mugiriki."

Khadidja alikaa chini kwenye mkeka, nikaona uso wake umezeeka hapo hapo. Halafu akasema, "Na kola? Na mufuko? Baba yako alisema tatu. We umevuta moja."

"Moja imetosha."

"Apana, haitoshi! Sikuzani, ule uzi ni wa nani? Si ni we ulikunja ule mukono? Siku ya ndoa ya Ilias, mikono yake ilikuwa mifupi, hata vidole havionekani, watu wanangoja inje, ukakaa pale mulangoni ukashona haraka haraka. Makasi ni mi nilikushikia."

Sikuzani aliitazama kapoti mikononi mwa Valéry kama anatazama mzigo wa mgeni.

"Ndiyo," alisema. "Ni mushono wangu."

Sauti ilikuwa ile ile anayotumia kusema chumvi imeisha. Akanyoosha mkono, akaichukua tena. Akachoma uzi wa kola: majivu. Akachoma wa mfuko: majivu. Akaupindua mfuko nje, akamwonyesha Valéry muhuri wa wino wenye namba, umefifia lakini unasomeka.

"Ni ya vita. Nilikosea. Nilitaka initoke magotini."

Khadidja alisema alhamdulillahi. Valéry naye alifurahi, lakini hakusimama.

"Basi mama, fungua ule mukono. Kliya wangu kule Ulaya akikuta nailoni, atasema ni ya uongo, vile we ulisema. Atanirudishia."

"Mukono hauguswi," Khadidja alisema. "Chukua hivyo, ama uache."

"Hivyo siwezi, mama. Kweli siwezi."

"Basi uache!" Khadidja alisimama. "Maka nitaiona kwa televizio. Dada, nyumba yako iliungua na mapicha yote. Nini ingine ya Ilias uko nayo?"

Sikuzani alikuwa ameshashika wembe. "Kaa, Khadidja. Magoti yako hayangoji."

Alifungua mshono taratibu, uzi mmoja baada ya mwingine, na nyuzi zote zilimwangukia kwenye nguo. Mkono ukashuka, ukawa mrefu, mkono wa mtu mkubwa. Ndani ya mkunjo kitambaa kilikuwa kimebaki na rangi yake iliyoiva, kaki ambayo mwanga haukuifikia.

"Ona rangi!" Valéry alipiga picha na simu yake. "Hapa hakuna mutu atabisha."

Aliondoka na kapoti chini ya kwapa. Khadidja alibaki amesimama, hajui aweke wapi mikono.

"Nikifika kule nikuombee nini, dada?"

Sikuzani alifikiri kidogo. "Omba nisikie."

"Usikie nini?"

"Kitu chochote."

Khadidja alipiga magoti mbele yake kwa shida, akaanza kumwondolea nyuzi kwenye nguo, akiziweka kiganjani. Sikuzani alimwacha.