Kisanduku cha Sindano

Noela alijifunza kuchora kwa maandazi. Kila asubuhi mama yake, Lidwina, alinunua maandazi kwa jirani pale Majengo, na jirani aliyafunga kwa kurasa za magazeti ya katuni. Noela alizikunjua kurasa, akazianika zikauke mafuta, akazisoma kisanduku kwa kisanduku, maneno yakiwatoka watu vinywani kama moshi.

Muda alikuwa nao. Mguu wake wa kulia ulisinyaa akiwa na miaka saba, akawa anauburuta. Watoto wenzake walimwona tu wakapaza sauti: "Jembe! Leo unalima wapi?"

Sababu ya mguu mtaa mzima uliijua. Siku ile ya homa, Shangazi Leticia, dada yake baba, alikuja kutoka Madaba akashinda naye mgongoni. Kesho yake mguu haukusimama. "Aliyembeba kaondoka nao," watu walisema. Leticia hakuwa na mtoto. Basi, ushahidi ulitosha. Alifukuzwa na mbeleko yake, asikanyage Majengo tena.

Lakini Noela alikuwa macho. Baba yake, Edmund, alikuwa mhudumu wa wodi hadi alipopunguzwa kazi pamoja na wengi wa miaka ile. Alirudi nyumbani na sirinji mbili. Kwa kuwa dawa sasa zilinunuliwa dukani kama chumvi, watu walimletea matako yao wakamwita daktari. Jioni ile alitoka kwenye pombe ya ulanzi, akachemsha sindano, akamchoma mwanawe kwinini. Moto ulishuka mpaka kisiginoni. Leticia ndiye aliyesema, "Kaka, hapo sipo." Edmund akajibu, "Wewe umesomea wapi?"

Noela alipofikisha miaka kumi na miwili, habari ikaja kwamba shangazi yuko hoi. Akachora yote katika daftari la shule. Alitaka jambo moja tu: shangazi asife na jina la mchawi. Akampa mama yake.

Lidwina alifungua akiwa anachambua maharage. Akacheka. "Huyu mbuzi wa mama Zuhra, hata ndevu hukumnyima!" Akageuza ukurasa. Kidole chake kikasimama juu ya picha ya sindano.

"Hiki kisanduku nani kakwambia?"

"Nilikuwa macho, mama."

Lidwina aliuchomoa ukurasa ule taratibu, asiharibu mingine, akauwashia jiko. "Sindano hiyo ndiyo inakulisha, mwanangu," alisema bila kumtazama. "Watu wakijua, tutakula nini? Shangazi yako ameshazoea."

Noela alikichora tena kisanduku kile, kidogo, ndani ya jalada la nyuma.

Wiki haikuisha, wakaitwa Madaba kuzika. Alikwenda na daftari kwapani, chini ya khanga. Alijiambia: nitamwonyesha katekista, nitamwonyesha yeyote mwenye macho. Walipomaliza kufukia, Edmund alisimama mbele ya watu, machozi yakimtiririka, na yalikuwa machozi ya kweli.

"Dada yangu alitukosea, mnajua wote. Mtoto wangu yule pale. Lakini leo, mbele ya kaburi hili, sisi tumemsamehe."

"Amina," watu waliitikia. Mama mmoja akajifuta macho, akasema, "Huyo ndiye mwanamume."

Noela alitoka kwenye mstari. Watu walimpisha, wakidhani anakwenda kuaga. Alitia mkono chini ya khanga, akalishika daftari, akafungua kinywa. Ndipo mguu ulipozama kwenye udongo mbichi wa kaburi, akayumba, na mkono ukamdaka kabla hajaanguka.

"Taratibu, mwanangu," baba yake alisema. "Niegemee."

Ulikuwa mkono ule ule wa sindano, wenye joto, bila ulanzi siku hiyo. Noela angeuachia angeanguka kifudifudi juu ya shangazi yake. Akaubana. Daftari likabaki kwapani, na Edmund akamwongoza polepole kati ya watu, mguu wake ukiacha mfereji mrefu kutoka kaburini mpaka barabarani.