Nazi Niliyoikuta Kwenye Gari la Wazi

Gari lililokaa miaka miwili bila kuuzwa liliuzika siku tatu baada ya mimi kutupa nazi baharini.

Wenzangu walinipongeza. Mimi mpaka leo natamani siku zirudi nyuma, ile nazi niiache palepale nilipoikuta.

Naitwa Ismail. Nauza magari kwenye shorumu moja Upanga, ya Mzee Umakant. Usifikirie vile vigari vya mtumba kutoka Japani. Sisi tunauza magari ya kifahari ya Ulaya, yale ukikanyaga mafuta mtaa mzima unageuka.

Yenye paa la kawaida yalikuwa yanatoka. Ila moja la wazi, jekundu, lile ambalo paa linajikunja lenyewe kwa nyuma, liligoma kabisa.

Wenye kampuni huko Ulaya wakaja juu. Wakaandika: mbona magari ya wazi hayauziki kwenu? Desemba ikifika lipo hapo, tunawanyang'anya uwakala.

Uwakala ukienda, na mimi nimeenda. Na mke wangu Mgeni alikuwa na mimba ya miezi saba.

Sababu nilizijua. Bongo hii mwenye hela anataka vioo vya giza, asionekane yuko na nani. Halafu jua. Halafu vumbi. Kuna mteja nilimpeleka kulijaribu, akataka tupite Kariakoo watu wake wamuone. Weee! Foleni ya Mtaa wa Kongo ikatukamata paa liko wazi. Machinga mmoja akamwekea soksi mapajani, mwingine akamvisha kofia.

"Tajiri, umefungua paa, fungua na pochi basi!"

Jamaa akashuka, akapanda bodaboda. Simu yangu hajapokea hadi leo.

Lakini kulikuwa na jambo jingine. Kila nikipata mteja aliyeiva, Mzee anatoka ofisini na kuharibu.

"Mvua za masika utafanyaje na gari hili?" anamwambia. "Na spea zake shida tupu."

Nikawa nasema moyoni, uzee umeanza kumchezea huyu.

Na mkewe, Mama Vidya, kila asubuhi alikuwa anakuja, anafungua mlango wa lile gari, anakaa kiti cha abiria dakika kumi, kimya, kisha anaenda zake. Nilidhani anapumzisha miguu.

Wiki moja wakasafiri wote wawili kwenda Arusha kwenye harusi. Mzee akaniachia funguo.

"Mteja akija na bei kamili, uza," akasema. Alisema hivyo akijua hakuna atakayekuja.

Nikaamua kulisafisha mwenyewe. Kupeleka mkono chini ya kiti cha dereva, nikagusa kitu kigumu kimefungwa kwa kitambaa chekundu. Nikafungua.

Nazi nzima. Imezungushiwa uzi mwekundu, imepakwa unga mwekundu, na pembeni ndimu mbili zimekauka kama mawe.

Nikamwita Blandina wa mapokezi.

"Mama yangu!" akaruka nyuma. "Tumefungwa, Ismail! Hii kazi ya wale wa yadi ya jirani."

"Sasa nifanyeje?"

"Katupe baharini. Na ukishatupa usigeuke."

Nikampigia mjomba wangu wa Buguruni, naye akasema vilevile. Mchana huohuo nikaenda Kivukoni, nikapanda pantoni ya Kigamboni, katikati ya maji nikaiachia. Nilisoma dua zote ninazozijua.

Siku ya tatu akaingia Nasor, mfanyabiashara wa vitambaa Kariakoo. Akalizunguka gari mara moja tu.

"Nalichukua," akasema. "Binti yangu Rawan anaolewa. Nataka watu wamuone bibi harusi vizuri."

Bei kamili. Hakuomba hata kupunguziwa.

Blandina akapiga vigelegele. Nilipompigia Mgeni kumwambia, alilia kwa furaha.

Jumatatu Mzee akarudi. Akasimama pale palipokuwa na gari. Nikamkimbilia natabasamu, mjinga mimi.

"Shikamoo Mzee! Tumeliuza!"

"Marahaba." Akatazama huku na huku. "Vitu vya ndani umeviweka wapi?"

"Vitu gani, Mzee?"

"Nazi, Ismail."

Nikaanza kueleza. Nilipofika kwenye pantoni, mzee wa watu akakaa chini sakafuni na suti yake.

Ndipo akanisimulia. Gari lile lililetwa kwa ajili ya Dhruv, mtoto wao wa pekee, kabla mimi sijaajiriwa. Lilipotoka bandarini, Mama Vidya alilibariki kwa desturi yao ya Kihindu: ndimu za kukanyagwa na matairi, nazi ya kuvunjwa siku linapoingia barabarani mara ya kwanza. Ule uzi aliufunga Dhruv kwa mkono wake.

"Nitaivunja Jumamosi nikilitoa, mama," alisema.

Ijumaa moyo wake ukasimama. Alikuwa na miaka thelathini na mbili.

Gari lilikuwa bado halijalipiwa, kampuni ikataka lirudi sokoni. Mzee hakuweza kukataa, na kuliuza hakuweza pia.

"Unadhani mimi sijui kuuza?" akaniuliza. "Nimeuza spea Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, miaka thelathini. Wale wateja nilikuwa nawafukuza."

Nilitamani ardhi inimeze.

Mama Vidya alipokuja nilitaka anizabe kibao. Hakunigusa.

"Uliitupa wapi?"

"Baharini, mama. Nisamehe."

"Mwisho wake ni baharini kweli," akasema. "Vitu vya ibada sisi tunavirudisha kwenye maji. Lakini ilikuwa niipeleke mimi, siku nikiweza."

Akaniomba nimpeleke. Tukapanda pantoni, ameshika maua ya njano kwenye mfuko.

"Ni hapa?"

Sikujua. Maji yote yalikuwa sawa.

"Ndiyo mama, hapahapa."

Akayamwaga maua, akaita jina la mwanawe mara moja, kisha akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwa mtu mzima. Abiria mmoja, mama mwenye ndoo ya samaki, akanigombeza.

"We kijana, unamwangalia tu? Mshike mama yako!"

Nikamshika. Tukalia wote mpaka Kigamboni.

Mzee hakunifukuza kazi. Angenifukuza ningepumua.

Ndugu zangu, usilolijua ni usiku wa giza. Ukikuta kitu cha watu usichokielewa, usikimbilie kukiita uchawi. Mimi nilimuuliza Blandina, nikamuuliza na mjomba. Mama Vidya alipita mbele ya meza yangu kila asubuhi kwa mwaka mzima, na hata siku moja sikuwahi kumuuliza, "Mama, una nini?"