Kijiji Kilichokosa Jina Ukutani

Pwani yote ile ya ziwa, kuanzia Matema mpaka milima inapotumbukia majini, hapakuwa na mtu asiyejua kwamba Angetile ndiye aliyekipoteza kijiji cha Kilasi. Hata watoto waliozaliwa baadaye walijua. Wanawake wakigombana naye kwenye shimo la udongo, tusi la kwanza lilikuwa hilo: "Nenda zako huko, wewe uliyetufuta!"

Kilasi kilikuwa kijiji cha wafinyanzi. Wanawake walifinyanga, wanaume wakapanga vyungu mitumbwini na kuvipeleka Matema kubadilisha na ndizi na maharage. Huko walikotumia vyungu hivyo waliviita vyungu vya Matema. Kilasi lilikuwa pia jina la mwenye kijiji, na mwenye kijiji alikuwa baba mkwe wake Angetile. Shida yote ilianzia hapo.

Kwa watu wa huko mke halitaji jina la baba mkwe. Hamwangalii usoni, akimwona njiani huingia majanini mpaka apite. Akilitaja, hata kwa kuteleza, lazima ng'ombe atoke kwao aje kumsafisha kinywa, na mpaka ng'ombe huyo afike hakai kwa mumewe. Angetile alifundishwa hayo na mama mkwe wake siku chache baada ya kuolewa, kwa kofi. Tangu hapo kijiji alikiita "hapa petu", basi.

Kisha akaja Mjerumani wa kuchora ramani. Habari zilitangulia kwamba askari wake wanakamata wapagazi, na wanaume wa Kilasi wakapanda mlimani wote, wazee kwa vijana. Lutengano, mume wa Angetile, alikimbia bila kumwambia mkewe neno. Wanawake nao wakabeba watoto wakafuata. Angetile alikuwa na vyungu motoni.

"Wewe baki uviangalie," mama mkwe alimwambia. "Vikipasuka tutakula nini?"

Akabaki. Mashua ilipofika, mtu pekee aliyekuwa ufukweni ni mwanamke kijana mwenye majivu mpaka kwenye nyusi.

"Mkubwa anauliza, hapa panaitwaje?" mkalimani alisema.

"Ni kwa waume zetu."

"Kila mahali ni kwa waume wa watu, mama. Jina!"

"Jina lipo."

"Litaje basi."

"Mimi siwezi kulitaja. Ngojeni wenyewe washuke."

Askari mmoja alimchapa kiboko mabegani. Angetile akauma meno. Alichapwa tena, akaangukia magoti, na jina halikutoka. Mzungu alikunja karatasi yake, akasema kitu kwa kuchoka, mashua ikaondoka.

Waliposhuka mlimani na kuona mgongo wake, walimsifu. Mzee Kilasi mwenyewe alituma mtu kumpelekea mbuzi na neno la shukrani: "Ndaga. Nimepata mkwe mwenye adabu." Mama mkwe alimpaka mafuta kwa mkono wake. Sifa hizo zilidumu mpaka ramani iliporudi.

Ilirudi baada ya miaka mingi, ikiwa imechapwa kwenye kitambaa, wamisheni walipowajengea shule ya mianzi na kuwaletea mwalimu, kijana anayeitwa Ambilikile. Akaitundika ukutani. Matema ilikuwapo. Mwaya, inakotia nanga meli, ilikuwapo. Pale pa Kilasi palikuwa na rangi tupu. Watu walikuja kuangalia mmoja mmoja, wakigusa pale patupu kwa kidole, kisha wakatoka nje wakimtafuta Angetile kwa macho. Mbuzi alisahauliwa. Kiboko kilisahauliwa. Meli ikipita mbali bila kusimama, kosa lake. Wamisheni wakijenga kanisa la matofali Matema, kosa lake.

"Wewe uliniacha chini," alimwambia Lutengano siku moja.

"Mimi ndiye niliyeulizwa?" Lutengano alijibu. "Aliyeulizwa ni wewe."

Kila siku aliyochota udongo, Angetile aliomba jambo moja tu: mtu mmoja, mbele ya watu, aseme kwamba kosa si lake.

Siku ya sherehe ya shule walialikwa watoto wa Matema kushindana na wa Kilasi kwa maswali ya mahali na mahali. Wanaume walikaa ndani, mzee Kilasi mbele kabisa kwenye kigoda. Wakwe zake, Angetile akiwa mmoja wao, walikaa nje nyuma ya ukuta wa mianzi, kwa kuwa yeye alikuwa ndani. Walisikia kila kitu.

"Meli zinatia nanga wapi?"

"Mwaya!"

"Mfalme wa Wajerumani anakaa wapi?"

"Berlini!"

Kisha mtoto mmoja wa Matema, mwenye ulimi mwepesi, akauliza: "Kilasi iko wapi? Njooni mtuonyeshe." Kicheko cha wageni kilitikisa mianzi.

Hezroni, shemeji yake Angetile, mzee wa kanisa, hakuvumilia. "Mnacheka nini? Mnapikia vyungu vya nani nyie?"

"Vya Matema," alijibu Aliko, mgeni mmoja mwenye tumbo. "Muulize yeyote mpaka Ipinda."

"Vinatoka hapa!"

"Vinatoka hapa, vinajulikana kwetu. Mahali panajulikana kwa soko, ndugu yangu. Kwenu mtu atakuja kufanya nini, kuhesabu mawe?"

"Si soko," mwingine alidakia, "ni kengele ya kanisa. Pasipo na kengele hapana watu."

"Ni boma la serikali. Nani asiyejua mahali alipochapwa viboko?"

Wakacheka wote. Mwalimu Ambilikile alijaribu kusema kwamba mahali hujulikana watu wanapopatajataja, lakini Hezroni alikuwa amepata upenyo.

"Hapo umesema, Mwalimu! Hapa palikuwa na mtu wa kupataja. Mwanamke mmoja. Mzungu amesimama mbele yake na kalamu mkononi, yeye anatazama majivu yake. Kijiji kizima kimekufa kinywani mwa mwanamke mmoja!"

Wanaume waliguna kukubali. Angetile alisubiri. Ndani mle alikuwamo mumewe. Alikuwamo mzee aliyempelekea mbuzi. Aliwasubiri wote wawili. Lutengano alikohoa. Mzee alinyamaza.

"Kaa, mwenzangu," alinong'ona Neli, mke wa Hezroni, akimshika nguo. Angetile alikuwa tayari amesimama.

"Kilasi!" alisema kwa sauti ya kuita mtumbwi. "Kilasi, Mwalimu! Andika! Nililijua siku ile na ninalijua leo. Kilasi, Kilasi! Si mlilitaka? Limetoka!"

Hakuna aliyecheka. Mzee Kilasi alijifunika kichwa kwa nguo yake, akainuka, akatoka kwa mlango wa upande wa pili.

"Umemvua nguo mzee mbele ya wageni," Hezroni alisema kupitia mianzi, sasa kwa sauti ndogo.

"Mwalimu, umeandika?"

"Mama," Ambilikile alijibu kwa aibu, "ramani hutengenezwa Ulaya. Mimi siwezi kuandika kitu juu yake."

Jioni Lutengano alimtolea kanga na jembe nje ya mlango. "Nenda kwa kaka yako mpaka ng'ombe apatikane. Ndiyo desturi."

"Siku ile ulikimbilia mlimani," Angetile alisema. "Leo hata mlima hukuhitaji."

Watoto wake wawili walitaka kumfuata mtumbwini. Hezroni akawashika mikono. Watoto ni wa Kilasi, alisema, mama ndiye anayeondoka.

Kaka yake, Tuntufye, aliishi karibu na Ipinda. Ng'ombe wa baba yao waliisha kwa ugonjwa wa sotoka na hawakupata wengine. Alimsikiliza dada yake mpaka mwisho, akasema ng'ombe hana, na hata angekuwa naye asingempeleka kwa watu kama wale. Lilikuwa neno zuri. Ndilo pekee Angetile alilolipata katika jambo lile, naye alimshukuru kaka yake. Lakini halikuwa ng'ombe.

Msimu wa pili Angetile alimtuma mtu Kilasi kuwaomba watoto waje japo kumsalimia. Jibu lilitoka kwa Hezroni: ng'ombe kwanza. Akarudi kupura maharage ya kaka yake, kwa nguvu, mpaka mke wa Tuntufye akamwambia apunguze, anayavunja.