Mlio wa Usukani Kabla ya Kupanda Bugarama

Niliondoka nyumbani Kamenge siku ya Ijumaa, saa mbili asubuhi, kwa sababu moja. Mdogo wangu Nadine alikuwa amepata nafasi katika shule ya uuguzi huko Gitega, na uandikishaji ulifungwa siku hiyo saa kumi na moja jioni. Asiyefika, nafasi yake anapewa mwingine. Mabasi yalikuwa haba kwa shida ya mafuta. Tulikuwa na gari la marehemu baba, na ndani yake mafuta ya kwenda na kurudi tu, niliyoyapata baada ya siku kumi na moja za foleni. Mimi niliacha shule darasa la tisa, wazazi walipofariki. Huyu nilikuwa nimeapa atamaliza.

Kona ya kwanza tu, usukani ukalia. Kwii, kisha gruu. Kona ya pili vilevile.

"Dada, iko nini hiyo?" Nadine akauliza.

"Sijui. Lakini hatupandi nayo mlimani."

Njia ya Gitega hupanda mlima wa Bugarama, kona juu ya kona, na upande mmoja ni bonde.

Saa tatu tulikuwa Ngagara, kwenye karakana ya kando ya barabara. Fundi, kijana mwenye miwani ya jua, hakuinama hata kutazama chini ya gari.

"Shoferi iko wapi?"

"Ni mimi."

Akacheka. "Basi, shoferi, tuongeze mafuta ya usukani. Ikilia bado, tunabadirisha usukani muzima. Unaacha gari mupaka Jumatatu."

Tukaongeza. Kona iliyofuata, mlio uleule. Nikasimama, nikazima injini kabisa, nikauzungusha usukani kwa nguvu zangu zote. Kwii! Hapo nikajua kijana amekosea. Pampu ya mafuta hayo haifanyi kazi injini ikiwa imezimwa, na mlio bado ulikuwepo.

Saa nne na nusu, Buyenzi. Huko kila fundi ana sehemu yake: huyu breki, yule springi, mwingine redieta tu. Niliulizia wa magurudumu ya mbele, nikaonyeshwa Mzee Radjabu, amekaa juu ya tairi akinywa chai. Nikamweleza safari yetu ya Gitega, na nilipotaka kuwasha gari asikie, akanizuia.

"Apana, binti yangu. Mafuta yako ni ya Gitega, si ya kunipigia muziki."

Akamkalisha Nadine kwenye usukani, akajilaza chini. "Geuza. Polepole." Huku akishika viungo vya chuma kimoja kimoja kwa vidole. Kwenye cha nne akaniita. "Leta mukono."

Nikashika. Nadine alipogeuza, chuma kilitetemeka kiganjani mwangu kama koo la paka. Kilikuwa kifundo kinachobeba gurudumu. Mpira wake ulikuwa umepasuka, grisi imekwisha, maji yameingia.

"Kikichomoka, gurudumu linalala," mzee alisema. "Gari ilikuwa mu foleni ya mafuta?"

"Siku kumi na moja."

"Na uligeuza magurudumu kwenye mawe ya kando, watu wasiisukume na kukuchukulia nafasi."

Nikakubali kwa kichwa.

"Wote munafanya hivyo! Na watu wanasukuma tu, gurudumu linasagika kwa mawe, kifundo kinaumia. We ni wa tano wiki hii."

Kifundo kipya kilipatikana duka la jirani. Mzee alikuwa ndiyo kwanza anakiingiza, adhana ya Ijumaa ikasikika. Akaweka spana chini, akaanza kunawa mikono.

"Mzee, kaza kwanza! Saa kumi na moja wanafunga."

"Naweza kukaza sasa, haraka haraka. Utapanda Bugarama na mutoto ukijua namna nimekaza?"

Nilifungua mdomo kusema ndiyo. Nadine alikuwa bado ameshika usukani, ananitazama.

"Nenda ukaswali, mzee," nikasema.

Buyenzi nzima ikanyamaza, mafundi wote wamekwenda msikitini. Tulikaa juu ya matairi, gari letu halina gurudumu moja, mimi nikihesabu kilomita na saa zilizobaki.

Saa nane kasoro robo alirudi. Alikaza, akapima, akakaza tena, kisha akanitaka nishike mwenyewe. Nadine akageuza. Kimya.

Saa nane na robo tukaanza kupanda. Kila kona niliisikiliza.

"Dada, lori ya ndizi imetupita!"

"Ipite."

Tukaingia Gitega saa kumi na dakika arobaini. Karani alikuwa na watu wawili mbele yake.

"Mzazi ni nani?"

"Mimi."

Akanikagua, kisha akanigeuzia daftari nitie saini.

Nililala kwa mama mmoja aliyesali na mama yetu zamani. Jumamosi, kazi za maendeleo ambazo raia wote hufanya asubuhi hiyo zilipokwisha na barabara kufunguliwa, nikarudi peke yangu, usukani mwepesi mkononi. Gari likilia, sasa najua: lizime, mtu ageuze, wewe shika. Hilo nimewaeleza majirani wote. Ila tangu wazazi wafariki nimebeba matofali, nimeuza dagaa, nimefua nguo za watu. Katika yote niliyomfanyia Nadine, hakuna lililokuwa gumu kama kukaa Buyenzi juu ya tairi, saa inakwenda, bila kumwambia mzee akaze hivyohivyo.