Sayyida wa Japani na Beseni la Bibi

Bibi yangu, aliyezaliwa Unguja mjini na kuzeekea Birkat al Mauz, Omani, alimfuatilia binti mfalme wa Japani kwenye televisheni kama wenziwe walivyofuatilia tamthilia za Kituruki. Alimwita Sayyida, kama walivyoitwa kwao mabinti wa jumba la sultani. Mimi nikalelewa kwa kipimo cha Sayyida huyo. Nikipinda mgongo wakati wa kahawa, "Hebu mtazame mtoto wa watu anavyokaa!" Nikicheka kwa sauti mbele ya wageni, nakumbushwa kwamba mwenzangu hucheka kwa macho. Nilimchukia.

Tulikuwa rika moja, ndiyo balaa. Siku alipoonyeshwa akipanda mpunga na wanafunzi wenziwe, bibi alinitoa chumbani nikamwagilie migomba, maana zamu yetu ya maji ya falaji, mfereji wa kijiji, ilikuwa imefika.

Nilipopata nafasi ya kusoma uhandisi Japani, baba alisema, "Muulize bibi yako. Akikataa, khalas." Nilijiona nimeshashinda. Sayyida wake mwenyewe alikuwa amekwenda kusoma ng'ambo, akakaa bwenini.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kikombe, ishara kwamba kahawa imemtosha.

"Yule ana askari mlangoni. Wewe una nani?"

"Lakini bibi, huko bwenini alikuwa akifua nguo zake mwenyewe. Kasema kwenye mahojiano."

"Sayyida? Kafua?"

"Kwa mikono yake. Wallahi."

Bibi alikwenda kutia udhu, nami nikalia jikoni, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Asubuhi nilikuta mashine ya kufulia imechomolewa waya. Bibi alikuwa uani juu ya kibao, mbele yake beseni, mche wa sabuni na kanzu zote za baba zilizokuwa kabatini.

"Kaa," aliniambia. "Mgongo wima. Yule masikini hawakumfundisha kwao, kajifunzia ugenini. Wewe hutonitia aibu kwa Wajapani."

Baba alitoka kutafuta kanzu ya kwendea ofisini, akazikuta zote zimeloa. Alitutazama, akaelewa, akarudi ndani kuvaa ya jana.

"Shingoni bado," alisema bibi. "Rudia."

Nikarudia huku nikilia tena, safari hii kwa furaha, kwa kwikwi na makamasi. Bibi akanikumbusha kwamba mwenzangu hulia kwa macho tu.