Donge la Unga Chini ya Blanketi

Jamani, aibu hii ninayo mpaka leo, ila kijiji kizima cha Bukiriro kimeshanitania mpaka nimezoea, kwa hiyo sikilizeni tu. Mimi ni mwoka mikate. Siku hiyo shangazi yake Devota, binti niliyetaka kumuoa, alikuwa anakuja kutazama ninaishije, maana kwao posa haipokelewi mpaka shangazi aseme ndiyo, nami nikaapa nitampokea kwa mkate wa moto.

Sasa asubuhi ile ukungu ulishuka mpaka mlangoni, na hamira haipendi baridi (kama mimi tu). Nilishachanganya unga wa ngano, hamira, sukari, chumvi na maji ya uvuguvugu, nikakanda mpaka mikono ikauma, lakini donge limenuna, halitaki kuumuka. Nikaona nilitie kwenye mfuko wa nailoni, nililaze kitandani, nilifunike blanketi. Halafu nikasema, kwa nini na mimi nisiingie nilipatie joto la mwili? Basi, kosa lenyewe ndilo hilo.

Nikavua shati, nikalikumbatia, harufu ya hamira inanijia tamu tamu, nikawa namuwaza yule mtu wa kwanza kabisa duniani aliyesahau uji wake wa ngano ukachacha, akaukuta umevimba, wenzake wakamwambia mwaga, yeye akaumimina juu ya jiwe la moto (nampenda sana mtu huyo, lazima alikuwa mzembe), nikamwona kabisa anatabasamu, kisha akageuka akawa Devota, tunatembea katikati ya ngano inayoyumba, naye anataka kuondoka, nami namvuta karibu.

Kumbe shangazi alishapiga hodi mpaka akachoka, akaingia pamoja na jirani aliyemwonyesha njia. Wakanikuta mchana kweupe, kifua wazi, nimekumbatia kitu kinene chini ya blanketi, nakibembeleza usingizini, "Usiende, usiende."

"Wewe mwanamke, toka humo," shangazi akasema taratibu.

Nikakurupuka, mfuko ukapasuka, donge likanivaa kuanzia kifuani mpaka kwenye ndevu. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Akavuta blanketi, akachungulia uvunguni, akarudi kuligusa lile donge kwa kidole, akanusa. Jirani alishatoka mbio kwenda kutangaza. Moyo uliniuma, nyie, nikajua Devota ndiyo nimeshamkosa.

"Huyo uliyekuwa unamwambia asiende, ni nani?"

"Ni Devota, shangazi. Nilikuwa naota."

Akanitazama, unga unanidondoka kidevuni, mimi nashindwa hata kujifuta.

"Marahaba," akasema, akakaa, akaomba chai.

Nikalikusanya donge nikalioka, mkate ukatoka bapa, mgumu, akaula wote, na kwao akasema ndiyo. Tangu hapo nimeapa: donge linaumukia jikoni karibu na mafiga, nami nalilinda nimekaa macho. Si kwa hiari yangu pekee. Devota alikubali ndoa kwa sharti moja tu, kwamba kitandani kwake haliingii hata andazi.