Mtaro Uliopita Kwa Uršulė

Upande ule wa Pasvalys ardhi ni tambarare na udongo ni mzito. Mvua ikinyesha, maji hukaa. Stefanija alikua akimwona baba yake akivuna shayiri huku matope yamemfika magotini, ndiyo maana akaenda mji wa Kaunas kusomea uinjinia wa kukausha mashamba. Darasani alikuwa mwanamke peke yake. Mwalimu mmoja akamuuliza kama alikuwa akitafuta jiko akapotea njia. Akasema hajapotea, akafungua daftari.

Kazi ya kwanza alipewa wachimbaji kumi na wawili. Mkubwa wao, Rapolas, alilaza mabomba ya udongo kuanzia juu kwenda chini, makusudi, ingawa Stefanija alikuwa amemwambia waanzie chini.

"Bibie, maji yataona njia tu," akasema Rapolas. "Hayajasoma kama wewe."

Stefanija akamwaga ndoo ya maji juu. Wakangoja. Kule chini halikutoka hata tone.

"Rapolas," akamwambia, "maji yako yamekaa kunywa chai."

Wenzake wakacheka mpaka wakashika majembe wasianguke. Rapolas akafukua yote, akaanza upya.

Stefanija akaolewa na Adolis Gudelis, seremala, wakaishi kwa mama yake Adolis, Uršulė. Kila jioni Stefanija alirudi amelowa hadi kiunoni. Uršulė alimvua buti mwenyewe, akaanika soksi zake kwenye tanuri. "Kaa, mwanangu," alikuwa akisema. "Supu ipo." Hakuwahi kumuuliza kwa nini hakai nyumbani kama wanawake wengine.

Vikaja vita, vikapita. Mashamba yakawa ya wote. Miaka ikaenda, mgongo ukaanza kumuuma Stefanija. Yeye na Adolis wakahamia mjini, Uršulė akabaki na ng'ombe wake mmoja. Hapo ndipo likaja agizo la serikali la kukausha bonde lile lote, na ramani achore Stefanija.

Nyumba ya Uršulė ilikuwa kwenye kiinuko, kati ya mashamba na mto. Stefanija alipima mara tatu, siku tatu. Mtaro mkuu ulitaka kupita pale pale.

"Uzungushe," Adolis akamwambia.

"Nikiuzungusha, mteremko haupo tena. Kwa jirani zake, akina Stumbras, patageuka bwawa."

"Akina Stumbras si mama yako."

"Wana watoto sita, Adolis."

Adolis akachukua kofia yake, akatoka. Stefanija akakaa na kalamu mkononi hadi uji ukapoa mezani. Akatia sahihi.

Akaenda yeye mwenyewe kumwambia mama mkwe, asisikie kwa mtu. Uršulė alikuwa akikamua jibini kwenye kitambaa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nani amechora?"

"Mimi, mama."

Akaendelea kukamua. Maji ya jibini yakachuruzika, yakaisha, naye bado akakamua.

"Niache nichimbe viazi kwanza," akasema. "Injinia."

Miaka yote ya kazi, wachimbaji walimwita bibie, mama, Gudelienė, yaani mke wa Gudelis. Jina la injinia alikuwa amelitamani tangu Kaunas. Alirudi kwa miguu, kilomita saba, wala hakukumbuka alivyofika.

Viazi vilipokwisha kutoka, Adolis alibomoa nyumba kwa mikono yake, ubao kwa ubao. Hakutaka trekta iiguse. Uršulė akahamia kwao mjini, chumba cha nyuma. Alikula alichopewa, akashukuru kama mgeni.

Mwaka wa pili, mvua za Oktoba zilinyesha wiki nzima. Asubuhi moja Uršulė akavaa koti.

"Nipeleke."

Wakasimama ukingoni mwa mtaro, yeye na Stefanija. Kwa akina Stumbras ngano iliyopandwa kabla ya baridi ilikuwa imeota, kijani, haijalowana mguu. Mtaroni maji ya rangi ya udongo yalipita palipokuwa na tanuri.

"Mbona yanakwenda polepole hivi?" akauliza Uršulė.

"Nimeyapanga hivyo, mama. Yakikimbia yatakula kingo."

Uršulė akafunga vifungo vya koti.

"Basi twende. Magoti yananiuma."

Akamshika Stefanija mkono, maana njia ilikuwa inateleza.